Kipipa Kisichotulia

Watu wa bonde letu la Torsdal, huku kusini mwa Norwe, hawana maneno mengi. Wawili wakikutana njiani, mmoja akasema "haya, haya" na mwenzake akautazama mlima, ujue wameshazungumza na kila mtu atakwenda kwake ameridhika. Ndiyo maana Tallak wa Shamba la Juu alipofungua kinywa mbele ya wageni arobaini, kwenye karamu ya kipaimara cha binti wa ndugu yake, maneno aliyoyatoa hayakusahaulika. Yalikaa bondeni miaka kumi na mitatu.

Tallak na mdogo wake Sigurd walipishana miaka mitatu. Mkubwa alikuwa mrefu, mkavu, mwepesi wa hasira. Mdogo alikuwa mfupi, mpana wa kifua, na mzaha haukumtoka mdomoni. Baba yao, Aanon, alimwachia Tallak Shamba la Juu na Sigurd Shamba la Chini, na kati ya mashamba hayo ni mwendo wa robo saa tu. Kitu kimoja Aanon hakukigawa: Svartevatn, ziwa la mlimani ambalo jina lake maana yake ni Maji Meusi. Hilo lilikuwa la wote wawili.

Ziwa lile halikuumbwa likiwa na samaki. Trauti, samaki wa maji baridi wenye madoa mekundu ubavuni, walipandishwa huko na mababu, mgongoni, kidogo kidogo. Kila mwezi wa sita, barafu ikishaondoka, watu wa ukoo ule walishuka kwenye kijito cha chini ya bonde, wakanasa trauti wachanga wa urefu wa kidole, wakawatia ndani ya kipipa cha mti chenye mikanda ya ngozi, wakapanda nao saa mbili nzima. Kazi hiyo ina sharti lake. Maji ya kipipa lazima yatikisike, maana yakitikisika ndipo yanapovuta hewa. Yakitulia, samaki huimaliza ile hewa kidogo iliyomo, wakafia humo humo bila kelele. Kwa hiyo wabebaji huwa wawili. Mmoja anabeba, mwingine anafuata mikono mitupu, na mbebaji akiketi kupumzika, yule wa nyuma anakishika kipipa na kukitikisa.

Tangu wakiwa vijana mbebaji alikuwa Tallak. Katikati ya njia lipo jiwe bapa, na kila mwaka aliketi hapo, jasho likimtiririka, akasema bila kugeuka:

"Tikisa, Sigurd."

"Natikisa. Wewe pumua tu, bibi kizee."

"Bibi kizee ni wewe unayetembea mikono mitupu."

"Mikono mitupu? Nabeba akili ya safari hii."

Walipofika ziwani, Aanon alitoa mkasi mdogo wa kushonea wa mkewe, akamshika kila samaki kwa kitambaa kibichi, akakata kwa mshazari ncha ya lile pezi dogo lililo mgongoni karibu na mkia. Ilikuwa alama, ili mwaka ujao wajue nani mwenyeji na nani mgeni. Hakuna mtu mwingine bondeni aliyekata hivyo. Aliwafundisha wanawe wote wawili, akawafundisha na sheria ya wavu: macho ya wavu yapitishe vidole vitatu vilivyobanwa pamoja, ili watoto wa samaki wapite wakakue. Kushusha wavu wa macho madogo kulikuwa aibu kuliko kuiba kondoo.

Basi miaka ikaenda, wakaoa, Aanon akafa, na kwa kuwa ziwa lilikuwa limejaa samaki, ndugu wale wakaacha kupanda na kipipa. Ikafika miaka ya hamsini, na Svartevatn likaanza kubadilika. Maji yake tangu zamani yalikuwa na rangi ya kahawa nyepesi. Sasa yakawa meupe mwaka hadi mwaka, mpaka ukasimama ndani ya mtumbwi ukaliona jiwe lililo mita kumi chini kana kwamba unaweza kuliokota. Watu wa mjini walikuja kupiga picha. Na samaki walionaswa walikuwa wakubwa, wakubwa kweli, wa kujaza sinia peke yao. Tallak alijigamba. Alisema ziwa la ukoo wao limetakata, na samaki wamenenepa kwa sababu linatunzwa.

Heri angekaa kimya akasikiliza. Vyura walikuwa wameacha kulia kandokando ya ziwa. Konokono wadogo wa kwenye mawe walikuwa wametoweka. Mwani wa kijani ulikuwa umeanza kutandaa chini ya maji kama zulia, na yule ndege mzamiaji aliyekuwa akilea makinda yake pale kila kiangazi aliacha kuja. Samaki walikuwa wakubwa kwa sababu moja tu: hapakuwa na wadogo wa kugombania nao chakula. Ilikuwa nyumba ya wazee watupu, na Tallak akaiita baraka.

Baadaye hata wale wakubwa wakaadimika, na hapo ndipo Tallak alipotambua kwamba kwa miaka kadhaa hajaona trauti mdogo hata mmoja. Akaanza kutafuta mchawi. Mwezi wa sita mwaka 1961 akadhani amempata. Alikuwa akizunguka ziwa peke yake, akafika kwenye ghuba ndogo ambako Sigurd aliweka mtumbwi wake, akawakuta samaki wachanga thelathini na mmoja, wa urefu wa kidole, wameelea wamekufa mbele ya banda la mtumbwi.

Akili yake haikwenda mbali. Samaki wadogo hufa wakinaswa kwenye wavu wa macho madogo, na mtu mwenye haya huwatupa kabla hajashuka kijijini. Aliokota watatu, akawatia ndani ya chupa ya pombe kali aliyokuwa nayo mfukoni, akaiweka kwenye rafu ghalani. Ushahidi.

Wiki mbili baadaye ikawa karamu ya kipaimara cha Aasne, binti wa Sigurd. Meza ilijaa mikate myembamba, siagi, malai ya mgando, na samaki waliovundikwa kwa chumvi tangu mwaka uliopita. Gunvor, mke wa Sigurd, alimpitishia Tallak sahani. Tallak akaisukuma.

"Mimi sili watoto wadogo, shemeji."

Vijiko vikasimama. Sigurd, aliyekuwa akimimina kahawa, akacheka kidogo, kwa sababu alidhani ni mzaha.

"Watoto gani tena, kaka?"

"Unawajua. Nimewakuta thelathini na mmoja mbele ya banda lako. Wavu wako haupitishi hata kidole kimoja, sembuse vitatu. Baba angekuwa hai angekutemea mate."

Uso wa Sigurd ukapauka. Aliweka birika mezani polepole.

"Umewaangalia vizuri hao samaki, Tallak?"

"Nimewaangalia."

"Vizuri kabisa?"

"Nina macho."

 Sigurd akasema, kwa sauti ya chini, "Basi kama umewaangalia vizuri, mimi sina la kuongeza."

Akarudi kumimina kahawa. Wageni walikunywa haraka wakaaga. Bondeni kwetu, mtu anayejitetea sana huonekana ana lake jambo, na mtu asiyejitetea kabisa huonekana amekiri. Sasa afanyeje? Sigurd alichagua kunyamaza. Juma lile lile aliutundika wavu wake ukutani, mbele ya nyumba, mahali pa kuonekana na kila mpita njia, na hakuushusha tena. Tallak alipouona akasema kimoyomoyo: mwenye hatia hujihukumu mwenyewe.

Majirani hawakujiingiza. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, na wao walilima. Miaka kumi na mitatu ndugu wale waliketi kanisani, mmoja safu ya mbele, mmoja ya nyuma. Mama yao alipozikwa walishika kamba za jeneza pande mbili, wakamteremsha sawasawa, wakaondoka kila mtu na njia yake. Na kila mwezi wa sita Tallak alipopanda ziwani aliwakuta tena samaki wachanga wamekufa kwenye ghuba ya Sigurd. Hakuwa akiinama tena kuwaokota. Alitema mate akapita.

Kiangazi cha mwaka 1974 akaja mwanamke wa miaka kama thelathini, mtaalamu wa kemia kutoka Oslo, na masanduku ya chupa. Jina lake Turid. Aliomba chumba Shamba la Juu, na Tallak, ambaye mkewe alikuwa amefariki na nyumba imempwaya, akampa. Kwa siku tisa Turid alipanda na kushuka. Alikinga maji ya ziwa, ya kijito, na ya mvua. Alishusha nyavu usiku na mchana, za macho ya kila namna. Akapata samaki mmoja.

Alimleta jikoni amemfunga kwa gazeti. Alikuwa jike, mrefu, amekonda, kichwa kikubwa kuliko mwili.

"Nimesoma magamba yake, mzee," Turid alisema. "Yana pete kama mti. Ana miaka kumi na sita. Ni bibi kizee aliyebaki nyumba nzima peke yake."

Neno lile lilimchoma Tallak mahali ambapo Turid hakupajua. Akamimina kahawa, akaweka kipande cha sukari kati ya meno.

"Mbona hakuzaa?"

"Alizaa. Mayai hayakuanguliwa. Tazama."

Alichukua vikombe viwili vya kioo. Kimoja akatia maji ya kijito cha chini, kingine maji ya Svartevatn, akadondosha dawa ile ile katika vyote. Cha kwanza kikageuka buluu. Cha pili kikawa njano.

"Hiyo njano ni asidi. Ziwa lenu limeshuka hadi nne na nusu na kidogo kwenye kipimo cha asidi, na namba ikishuka asidi imepanda. Mzee mmoja wa kanisa ameniambia baba yenu aliwahi kupimiwa maji, miaka ya thelathini, yakawa karibu sita. Unaweza kusema moja na nusu si kitu. Lakini kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara kumi."

"Na asidi imetoka wapi? Hapa hatuna kiwanda. Tuna mbuzi."

"Imetoka juu. Kwenye mvua."

"Mvua ya Mungu?"

"Mvua ya Mungu, moshi wa watu." Turid hakutabasamu. "Makaa ya mawe yana salfa ndani yake. Yakichomwa, salfa inatoka kwenye moshi. Miji ya ng'ambo ya bahari ilikuwa inakohoa, wakaona wajenge dohani ndefu, ndefu sana, moshi uende zake. Ukaenda zake. Huko juu unakutana na unyevu wa mawingu, unageuka asidi ile ile ya betri ya gari, nyepesi tu. Upepo wa kusini unaileta, milima yenu inaipokea."

"Kwa nini sisi? Mvua si inanyesha kila mahali?"

"Penye mwamba wa chokaa, ardhi inaituliza asidi kama magadi yanavyotuliza kiungulia. Kijito chenu cha chini kinapita kwenye udongo wa bahari ya kale, una magamba ya kombe, ndiyo maana samaki wake wazima. Huko juu ni jiwe gumu na udongo wa kiganja kimoja. Asidi inapita inaing'oa aluminiamu. Hiyo ilikuwa imelala ardhini haimdhuru mtu. Sasa inafika ziwani, inaganda kwenye matamvua ya samaki. Anatoa ute kujikinga, ute unamziba, chumvi ya damu yake inamtoka. Anakosa pumzi ndani ya maji yaliyojaa hewa, mzee."

Tallak alitazama dirishani. "Maji yenyewe ni safi. Unaona hadi chini."

"Ile rangi ya kahawa ilikuwa uhai. Majani yaliyooza, vijidudu, chakula. Asidi na aluminiamu vimeyafagia yote yakazama. Yanaonekana safi kwa sababu hayana kitu."

Halafu ile hasira ya zamani ikapanda, maana mtu aliyeishi na chuki miaka kumi na mitatu haiachi ikatolewa mlangoni na mgeni wa siku tisa.

"Binti, usinieleze habari za mawingu. Najua aliyemaliza samaki wa Svartevatn. Ni mdogo wangu. Ushahidi ninao."

Akatoka kwenda ghalani, akarudi na chupa iliyojaa vumbi. Aliifuta kwa mkono wa shati, akaiweka mezani kwa kishindo. Ndani walikuwa wale watatu, wamepauka wamekuwa rangi ya nta.

Turid aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha.

"Hawa hawakunaswa kwenye wavu. Wavu huacha alama hapa, nyuma ya kichwa. Hawa ute umewaziba, tazama matamvua yalivyovimba." Akaisogeza chupa karibu na jicho. "Halafu hawakuzaliwa ziwani. Kuna mtu aliwaleta. Wote watatu wamekatwa pezi."

"Wapi?"

"Hapa mgongoni, karibu na mkia. Kwa mkasi. Kwa mshazari."

Tallak aliichukua chupa. Alikuwa ameiona labda mara mia, kila alipoingia ghalani kuchukua mundu. Alivaa miwani. Akaona mkato wa Aanon, mdogo, safi, umeelekea kushoto kama ulivyoelekea siku zote. Aliuona kwa wa kwanza, akauona kwa wa pili. Wa tatu hakumtazama.

"Umewaangalia vizuri hao samaki, Tallak?"

Aliisikia sauti ile kama imesemwa sasa hivi. Akaketi. Turid alimuuliza kama anaumwa, akasema hapana, akamuomba amwache peke yake kidogo.

"Nitauliza swali moja," Tallak alisema kabla Turid hajatoka. "Mtu akiwaleta wazima mwezi wa sita, wanakufaje upesi hivyo?"

"Huo ndio wakati mbaya kuliko yote. Theluji inakusanya asidi ya majira yote ya baridi. Ikianza kuyeyuka inaiachia kwa mkupuo, na ghuba za pembeni ndizo zinazopokea kwanza. Angeweza kuwaleta elfu. Wangekufa elfu."

Turid aliondoka kesho yake. Tallak alikuwa na mdomo na miguu, na Shamba la Chini lilikuwa robo saa. Unajua alifanya nini? Alikata nyasi. Alizitundika kwenye ua zikauke, mvua ikanyesha, akazigeuza. Alijiambia mtu haendi kwa ndugu yake na jambo kama lile nguo zikiwa na vumbi. Alitafuta maneno ya kuanzia, akayapata, akayakataa. Usiku alijigeuza kitandani akisema "nisamehe" kwa sauti, kujaribu, na neno lilisikika kama la mtu mwingine.

Siku ya Jumanne aliteremka. Alifika mpaka kwenye geti la Shamba la Chini. Sigurd alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya nyumba, blanketi magotini ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa amepungua mno. Kile kifua kipana kilikuwa kimeingia ndani. Aliinua mkono. Tallak hakujua kama ni salamu au anakinga macho na jua. Alisimama na mkono wake juu ya komeo. Kisha akageuka akapanda kwake. Nitakuja Jumapili, alijiambia, baada ya ibada, nimevaa vizuri.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Ijumaa asubuhi Aasne, yule binti wa kipaimara, sasa mama wa watoto wawili, alikuja mbio uwanjani kwa baba yake mkubwa, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu utoto.

"Baba mkubwa," alisema, akashindwa kuendelea.

Tallak alishuka na nguo zake za shambani. Chupa alikuwa ameishika mkononi, na hakujua kwa nini ameibeba. Sigurd alikuwa amelazwa chumba cha mbele, amefunikwa shuka nyeupe, mikono kifuani. Tallak alisimama mlangoni. Alilia kwa sauti, mzee wa miaka sitini na mitatu, kwenye bonde ambalo watu hulia wakiwa wameugeukia ukuta.

Gunvor alimwacha amalize. Kisha akamvutia kiti jikoni, akamwekea kahawa, kwa kuwa hivyo ndivyo tunavyofanya hata siku kama ile. Aliiona chupa.

"Kwa hiyo umewaangalia," alisema.

"Juzi, shemeji. Juzi tu."

"Yeye kwanza alidhani uliuona ule mkato, ukaamua kumtukana hivyo hivyo. Mwaka mzima aliniambia hivyo. Baadaye akasema hapana, Tallak hakuona. Tallak akikasirika ni kipofu."

"Kwa nini hakuniambia? Angekuja akaniambia!"

"Na wewe ungeuliza."

Gunvor akaendelea, akikunja kitambaa cha meza na kukikunjua.

"Aliona wewe unahangaika kwamba watoto wa samaki hawaonekani. Akasema, nitamjazia kaka ziwa, nisimwambie, ashtuke mwenyewe. Alianza mwaka ule ule wa kipaimara. Ulipomtukana nilimwambia aache. Akasema ziwa halijamkosea. Kila mwezi wa sita alipanda, Tallak. Miaka kumi na minne, peke yake."

"Peke yake? Na kipipa?"

"Na kipipa."

"Nani alikuwa anamtikisia?"

Gunvor alimtazama kama mtu anayeulizwa swali la mtoto. "Hakuna. Hakupumzika. Alipanda saa mbili bila kuketi, maana angeketi wangekufa. Daktari alimkataza tangu mwaka juzi, moyo ulikuwa umechoka. Mwezi wa sita huu alirudi midomo myeusi. Alisema, samaki mmoja tu akikua, Tallak atamnasa, atauona mkato wa baba, atajua. Hatutalazimika kuongea."

Kahawa ikapoa mbele yake.

"Jumanne alikuona kwenye geti," Gunvor alisema. "Alikuinulia mkono. Akaniita, akasema, weka birika, Gunvor, Tallak anakuja. Nikaweka."

Baada ya mazishi Gunvor alimpa kipipa. Mikanda yake ilikuwa imelika mahali pa mabega, na mkanda wa bega la kushoto ulikuwa umeshonwa mara mbili kwa uzi wa viatu. Tallak alikitundika jikoni, si ghalani, na kila asubuhi alikiona kabla ya kuona kitu kingine. Wavu wake mwenyewe aliutundika nje, ukutani, mahali pa kuonekana na kila mpita njia. Watu walielewa.

Miaka tisa alisubiri. Turid alimwandikia barua mara mbili tatu kwa mwaka, na barua moja ilisema serikali itatia chokaa kwenye maziwa ya kusini. Wakaja kweli, wakamwaga unga mweupe kutoka kwenye boti kama mtu anayepanda mbegu, tani baada ya tani, mpaka vikombe vya Turid vikageuka buluu. Alisema itabidi warudie tena na tena, kwa sababu moshi haujakoma na mvua ni ile ile. Lakini kwa sasa samaki wangeishi. Chama cha wavuvi kilileta trauti wachanga kwa gari, ndani ya matangi yenye mitungi ya hewa, na kikapanga kuwapandisha kwa helikopta.

Tallak aliwaomba thelathini na mmoja.

"Mzee, helikopta itawafikisha kwa dakika sita," mwenyekiti alimwambia. "Una miaka sabini na mbili. Unataka kutuachia msiba?"

"Thelathini na mmoja," Tallak alisema. "Na msiniletee mtu wa kunisaidia."

Aliwakata pezi mwenyewe, kwa mkasi wa mama yao, kwa mshazari kuelekea kushoto. Alivaa kipipa cha Sigurd, akaanza kupanda. Maji yaligongagonga mgongoni mwake kwa kila hatua. Alipofika nusu ya njia magoti yalikuwa yanamwacha, na kifua kinawaka, na lile jiwe bapa lilikuwa pale pale, lina joto la jua. Alikuwa ameapa kupita bila kuketi. Mwili haukumsikiliza. Aliketi, akafumba macho, akahema, na mdomo wake ukasema wenyewe bila yeye kuutuma, kama ulivyosema kila mwaka wa ujana wake:

"Tikisa, Sigurd."

Alingoja. Upepo ulipita kwenye majani. Mgongoni mwake maji yaliyumba mara moja, mara ya pili kidogo, yakaanza kutulia. Tallak akashika jiwe kwa mikono miwili, akasimama, akaendelea kupanda.